Neno Lililonigharimu Mbuzi

Ingieni, wanangu, ingieni wote wawili kwa pamoja, maana nimechoka kuwapokea kwa zamu kama daktari. Swalik, vuta kile kiti ukae huku kulia kwangu, na wewe Blandine keti hapa kitandani, upande wa kushoto, karibu na sikio langu linalosikia. Kama hamtaki kutazamana msitazamane, bado sijawaomba hilo. Kwa sasa naomba masikio tu, kwa sababu nguvu niliyoamka nayo asubuhi hii inatosha kusema jambo mara moja, haitoshi kurudia, na mwenye swali alishike mpaka nimalize.

Mimi Muzamiru, baba yenu, niliyeendesha lori kati ya Bwera na Kasese na mahali pote ambapo barabara ilikubali, na mara nyingine mahali ambapo ilikataa, nasema haya nikiwa na akili timamu, hata kama miguu imetangulia kustaafu. Nyumba hii ni yenu wote. Aidah, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, msimwondoe, kwa sababu mlio wa cherehani yake ndio umenilaza mchana tangu mama yenu alipofariki. Lori lililolala nyuma ya nyumba, ambalo kuku sasa wanatagia ndani yake, ni lako Swalik, ufanye nalo unavyotaka, ila usukani umfungulie mwanao Munirah, kwa kuwa kila akija hapa huukalia na kunipeleka mpaka Butembo bila kutoka uani. Sanduku la vitenge vya mama yenu ni la Blandine. Mimi na mama yenu tulikubaliana zamani kwamba mtoto wa kiume atasali kwetu na wa kike atasali kwao, na hatukuwahi kujuta, kwa hiyo nanyi msianze kujuta kwa niaba yetu.

Sasa nakuja kwenye shamba la Karusandara. Ndiyo, Swalik, nimeona umekaa sawasawa. Na wewe Blandine, umeacha kukunja hicho kitambaa.

Miaka miwili imepita tangu tulipomzika Consolée, mama yenu, na miaka miwili hiyo ninyi hamjasalimiana. Idi ilipofika, Blandine hakuja. Krismasi ilipofika, Swalik alimtuma mtoto na mkate. Katika nyumba hii, ambamo sikukuu zilikuwa zinatujia kwa wingi mpaka majirani wanauliza sisi ni dini gani hasa, nilikula sikukuu nne nikiwa na mtoto mmoja mmoja. Na sababu ni neno moja tu, neno nililowapa mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama pale mlangoni siku ile mama yenu alipokata roho, niliposema: “Mama yenu ameniambia kule Karusandara ndiko alikoota, na shamba lisiachwe liwe pori.”

Blandine, wewe ulisikia kwamba mama aliota ndoto. Ukasema mama alikuwa mtu wa rozari, basi lazima Bikira Maria alimtokea shambani, na kabla ya arobaini kwisha ukaleta mawe ya mtoni kutoka Nyakalengija, gari zima, ukaanza kujenga pango la Mama Maria. Swalik, wewe ulisikia kwamba mama aliota kama mbegu inavyoota, kwamba pale ndipo alipochipua na kushika mizizi katika nchi hii, basi heshima yake ni kulima. Ukapanda mahindi mpaka katikati ya mawe ya dada yako. Nakumbuka mlivyojibizana mbele ya wageni. “Mama hakuwa mtu wa maono, alikuwa mtu wa jembe!” “Na wewe yaya Swalik, kaka mkubwa, si mtu wa jembe, ni mtu wa kupiga simu na kuagiza watu walime!” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yenu ya mwisho kuambiana, na kusema kweli yalikuwa mazuri, nilitamani mngeendelea.

Nyote wawili mmekosea. Na aliyewakosesha ni mimi. Tulieni nieleze, kwa sababu siwezi kueleza neno la mwisho la mama yenu bila kueleza neno la kwanza nililomwambia.

Lilikuwa lori la tajiri wangu, nimebeba maharage na abiria juu ya maharage, tunakwenda mnada wa Karusandara. Mvua ilitukuta njiani, tumeshaingia Karusandara, tairi zikazama, tukakaa hapo tangu asubuhi tukisubiri barabara ikauke. Abiria wakashuka, wakaokota kuni, wakawasha moto chini ya turubai, na kati yao alikuwepo msichana mmoja wa Butembo mwenye furushi la vitenge, amelowa mpaka nyusi zinadondoka maji, na bado anawachekesha wenzake. Mimi nilikuwa kwenye kabini, nikasinzia mchana ule kwa uchovu wa kusukuma, na katika usingizi nikamwona yule msichana ameshika usukani wa lori langu, ananiambia nishuke nisukume. Nikaamka. Nikaona hii ndoto ni ya kusimuliwa. Nikashuka, nikajifuta matope, nikaenda pale motoni mbele ya watu wote, nikamwambia kwa adabu, “Dada, nimekuota.”

Wanangu, kile kilikuwa Kiswahili safi! Mimi kwetu Buganda kuota ndoto ni kuloota, na nilipoanza kazi ya magari nilikuwa nasema “nimelota”, mpaka madereva waliokuwa wanatoka pwani wakanicheka wiki nzima, wakanifundisha kwamba Kiswahili cha watu hakina hiyo L, ni kuota tu. Nikajifunza. Nikaitupa L yangu na kujiona nimeelimika. Kumbe mama yenu, katika Kiswahili cha kwao Kongo, anasema kulota, na L yake ipo nzima, haijaguswa na mtu. Kwake yeye kuota ni jambo moja tu, ni kukaa karibu na moto ukapata joto. Sasa fikirieni: msichana amekaa motoni, amelowa, watu wamemzunguka, anakuja dereva mwenye matope anamwambia nimekuota, yaani nimejipasha joto kwako.

Alisimama. Akanitazama kuanzia viatu. “Weye mutu! Umeniota? Mimi iko makaa yako? Ulinikokea wapi na nani alikuona?”

Nikasema, “Hapana dada, nimekuota nikiwa nimelala.”

Hapo nikazidisha. Wazee wakainamisha vichwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, “Na bado anaeleza!” Consolée akanipiga kwa kandambili yake, kofi la mpira lenye maji, hapa begani, nalo sikulisikia kwa aibu. Nikaanza kupapasa maneno: usingizi, macho yamefumba, usukani, wewe unaniambia nishuke. Akaelewa, akaanza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka akaketi chini. “Ndoto! Ulinilota! Kwetu mutu anasema ku-lo-ta! L yako uliiuzisha wapi?”

Nilimwambia nimeiuza kwa watu wa pwani. Akasema nikaikomboe, halafu nije tuongee. Basi nikakaa kwenye ule moto. Barabara ilikauka saa nane, na mimi nikawaambia abiria bado ina utelezi.

Blandine, usicheke sana, unanitikisa kitanda.

Miezi saba baadaye nilikwenda Butembo kujitambulisha kwa baba yake. Sikujua Kinande hata cha kuomba maji, lakini nilitaka niwaheshimu wazee kwa lugha yao, kwa hiyo nikamwomba Consolée anifundishe sentensi moja tu: kwamba nilimwona binti yenu katika ndoto kabla sijamjua jina. Alinifundisha njia nzima kuanzia mpakani Kasindi. Mimi narudia, yeye anarekebisha, uso wake umetulia kama wa sista. Tukafika, wazee wakaketi, mjomba wake akavaa koti, nikasimama nikasema sentensi yangu kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

Wazee wakageukiana, na huko nje nikasikia mbuzi wanatafuna.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kwa Kinande kuota ndoto ni erilota, na kuota moto ni eryota. Ni maneno mawili, na mtoto wa miaka mitatu hayachanganyi. Mama yenu alikuwa amenifundisha eryota. Makusudi! Yaani mimi, mgeni, Mwislamu, dereva, nimesimama mbele ya baba mkwe nikamwambia kwamba nimejipasha joto kwa binti yake. Kaka yake, Gracien, alitaka kunitoa nje kwa shati. Mjomba akavua koti. Na yeye Consolée yuko nyuma ya mlango wa jikoni, ameziba mdomo kwa upande wa kitenge, machozi yanamtiririka kwa kicheko. Nilitozwa mbuzi. Mbuzi mkubwa, mwenye ndevu, juu ya mahari yote. Alipotoka nje kunisindikiza nikamuuliza, “Kwa nini umenifanyia hivi?” Akasema, “Ya Karusandara ilikuwa bado inaniuma. Sasa tuko sawa.”

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu, lile lilikuwa neno la mbuzi. Nikichelewa safari na kurudi nimepigwa na mvua, ananisogezea jiko la mkaa na kusema eryota, baba Swalik, safari hii ni bure. Ninyi mlikuwa mnasikia na hamjui tunachochekea. Nilijifunza Kinande chote baadaye, lakini kama ningebaki na maneno mawili tu kichwani, yangekuwa hayo, na hakuna Mnande yeyote anayejua tofauti yake kunishinda, kwa sababu wao walifundishwa bure.

Ngoja ninywe maji. Ahsante, Swalik. Ahsante, Blandine, hapana, kimoja kinatosha, siwezi kunywa vikombe viwili. Mnaona mnavyonifanya?

Nimalizie habari ya hii L, kwa sababu ni nzuri na sitaki niende nayo. Palikuwa na mwalimu, Nobert, aliyekuwa anapanda lori langu kila Jumatatu kwenda shuleni kwake. Siku moja nikamsimulia habari ya mbuzi, nikamuuliza kwa nini Kiswahili kimechukua kuota ndoto, kuota moto na kuota kwa mbegu, kikayatupa yote kwenye chungu kimoja. Akaniambia, “Muzamiru, ukisikia Waganda wana L, Wanande wana L, Wakongo katika Kiswahili chao wana L, ujue L ndiyo iliyokuwepo tangu zamani, na Kiswahili cha pwani kimeimeza. Lakini hakikuimaliza. Sema ulimi.” Nikasema ulimi. “Zikiwa nyingi?” Nikasema ndimi. “L imekwenda wapi?” Nikasema sijui, naona D. “Imekaa karibu na N ikageuka D. Sasa niambie, mtu akiota anaota nini?” Nikasema ndoto. “Na hiyo D ni nani?”

Nilipiga honi, wanangu. Nilipiga honi barabara ikiwa tupu, ng'ombe wa watu wakakimbia. Ilikuwa imejificha! Nilichekwa na kupigwa na kutozwa mbuzi kwa ajili ya L ambayo ilikuwepo muda wote ndani ya ndoto, imebadilisha nguo tu. Na joto la moto halina ndoto yake, kwa sababu lenyewe halikuwa na L tangu mwanzo. Nikamuuliza, “Na kuota kwa mbegu kumetoka wapi?” Mwalimu akasema, “Hiyo sijui.” Nilimpenda zaidi kwa hiyo sijui yake kuliko kwa yote aliyojua.

Sasa nawapeleka kwenye chumba kile, siku ile. Ilikuwa mchana, mnakumbuka, mmetoka kuita padri. Tulikuwa mimi na yeye tu. Alikuwa ameacha Kiswahili tangu juzi yake, amerudi kwenye lugha ya mama yake, na mimi namfuata huko kwa miguu yangu mizito. Nikamfunika blanketi, nikamuuliza kama anasikia baridi. Akafumbua jicho moja. Akasema, kwa Kinande, “Kule Karusandara nilipata joto la moto, na mpaka leo sijasikia baridi.” Akatumia neno la mbuzi. Akalitamka polepole, bila L, ili nisikosee, na mdomo wake ukapinda kule kulikokuwa na kicheko. Halafu akasema shamba nisiliache liwe pori, kama alivyosema kila msimu kwa miaka arobaini, maana nilikuwa mvivu wa kupalilia na yeye alijua.

Hayo ndiyo yote. Hakukuwa na Bikira, Blandine, wala mizizi, Swalik. Mama yenu hakuwa anaacha wosia. Alikuwa anamtania mume wake.

Nilipotoka mlangoni, nimechanganyikiwa, nikawaambia kwa kile Kiswahili changu nilichofundishwa na watu wa pwani: alikoota. Laiti ningesema kama yeye, kwa Kinande, mngeelewa. Hilo la kwanza ni kosa, na kwa hilo Mungu atanisamehe.

La pili si kosa, ni dhambi, na kwa hilo nawaomba msamaha ninyi. Wiki ile ile niliona mnagombana, na nilijua, na ningeweza kumaliza kwa dakika moja. Lakini Blandine ulikuja Jumapili na kuku na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ukasema, “Baba, wewe ulikuwepo, sema ilikuwa ndoto.” Nikasema nitafikiri. Swalik ukaja Ijumaa na pilau, “Baba, wewe unajua, mama alimaanisha kuchipua.” Nikasema nitafikiri. Na Jumapili kuku. Na Ijumaa pilau. Tangu mlipooa na kuolewa hamjawahi kunitembelea hivyo! Mzee aliyefiwa, nyumba iko kimya, halafu ghafla kila wiki ana watoto wawili wanaomwuliza mama yao alikuwa mtu gani. Nikawa natamani msipate jibu. Nimekula kuku wenu miaka miwili juu ya ugomvi wenu, na kila kuku alikuwa mtamu, na kila nilipomaliza nilijua kwamba nimekula pia salamu ya kaka na dada. Nisameheni. Nilitaka sana kutembelewa.

Unalia au unacheka, Swalik? Sawa, fanya vyote.

Basi shamba ni langu, nililinunua kwa ajili ya ule moto, na sasa ninalitoa. Halikatwi. Mawe ya Blandine yasiondolewe; kama Bikira hakuja wakati ule, bado anaweza kuja, mahali pameshaandaliwa. Mahindi ya Swalik yasing'olewe; mama yenu alitaka palimwe. Asiuze mmoja bila mwenzake, na ruhusa iombwe kwa mdomo, uso kwa uso, si kwa kumtuma mtoto na mkate, wala kwa ujumbe wa simu, maana mmeona neno moja linavyoweza kufanya likisafiri peke yake.

Gracien yuko Butembo, ni mzee kama mimi. Mpigieni, mwambieni shemeji yake amemsamehe lile shati. Mimi nioshwe na kuzikwa na Waislamu siku hiyo hiyo, msinicheleweshe kusubiri wageni wa Kampala. Mama yenu yuko juu huko kwenye makaburi ya kanisa. Msihangaike kutuweka pamoja. Tulivuka lugha tatu kila siku kuombana chumvi, hatutashindwa na njia moja kati ya makaburi mawili.

Sauti inapungua. Sogeeni.

Mungu awape nyumba zenye kelele. Awape watoto wasiowaogopa. Awape chakula, na mtu wa kugombea naye kipande cha mwisho. Swalik, awe nawe barabarani. Blandine, awe nawe sokoni. Kwa jina lolote mnalomwitia, awajibu haraka. Amina. Semeni amina. Kila mtu ya kwake.

Nimebaki na moja. Swalik, mwite dada yako.

Kwa sauti. Sikio langu ni hili la huku.

Ee. Na wewe mwitikie... Blandine. Mwitikie kaka yako.

“Abee, yaya.” Nimesikia. Nimesikia hiyo.

Nini? Mawe yamezidi... yamevamia mistari miwili ya mahindi? Mwambie yeye, Swalik, usiniambie mimi. Anasema ulipanda ukiwa umeyaona. Mjibu. Mjibu, Swalik, ana haki... Hapana, Blandine, usishushe sauti kwa ajili yangu. Mimi niko sawa. Napumzika tu macho.

Endeleeni. Upande wa barabara, ndiyo... huo ndio wa kugombania. Hivyo hivyo.

Msinyamaze, wanangu. Msinyamaze.